Sehemu ya Kumi na Saba, Mara ya Nne

Mara tatu tuliitazama bandani kwa Mbusa,
kabla Nyamwamba haijafurika na kulibeba banda
na viti, na spika, na ubao wa bei.
Hii ya nne ni sebuleni kwa Kabugho, hapa Kilembe,
shuka la kitanda ukutani, projekta ya kuazima kanisani
(irudi Jumapili kabla ya ibada, na isinuke karanga).

*Mkondo wa Zohali*. Tunajua kila kitu,
ndiyo maana tunabishana.
Thembo bado anashikilia kwamba chombo kile hakiwezi kugeuka vile;
yeye fundi wa bodaboda, anajua uzito na kona.
Masika anamwambia angani hakuna kona.
Thembo anasema kona ipo popote penye haraka.

Na wale roboti wanaoitwa kwa zamu ya kuzaliwa,
Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu:
siku tulipowaona tulicheka hadi benchi likavunjika,
kumbe hata huko Zohali Wakonzo wameshafika!
Kabugho, binti wa tatu kwao, akamchukua Wa Tatu kuwa wake,
na hadi leo ukimsema vibaya roboti yule
chai huipati.

Wakati ule Mbusa alisimama kando ya runinga na maikrofoni,
akitafsiri kwa Kiswahili,
maana mgodi ulituletea majirani wa kila lugha,
kisha ukafungwa, ukatuachia Kiswahili.
Sauti zote zilikuwa zake: nahodha, mtoto, mitambo, upepo
(Masika: angani hakuna upepo).

Tuliingoja sehemu ya kumi na saba.
Hamuijui? Basi sikilizeni.
Wa Tano yuko nje, kamba imekatika,
hewa inavuja,
kidole cha nahodha kiko juu ya kitufe cha mlango.
Na nahodha anasema,
na banda zima tunasema naye:
"Msifunge. Taa moja haijarudi."

Miaka kumi na mitatu nimeishi na maneno hayo.
Mama huyasema usiku akiacha komeo wazi,
naye hajawahi kuona hata sehemu moja.
Nilimtumia dada yangu Ithungu, Uarabuni,
mwaka ule aliokaa kimya.

Jana tuliiona yenyewe,
kwa sauti yake, maandishi yakipita chini ya shuka.
Wa Tano nje. Kamba. Kitufe.
Nahodha hasemi kitu.
Maandishi yanasema: *anapumua*.
Kisha muziki, na orodha ndefu ya watu tusiowajua.

Thembo akasimama kama mtu aliyetoka dukani
akakuta pikipiki haipo.
Tukampigia Mbusa, siku hizi anauza laini za simu Kasese mjini,
tukamweka kwenye spika, kati ya vikombe.

"Siku ile jenereta lilikuwa linakohoa," akasema, "sikusikia kitu.
Niliona mdomo umefungwa na macho yanatafuta.
Baba yangu alikuwa wa chumba cha taa pale mgodini.
Zamu ikitoka, anahesabu taa misumarini.
Ikipungua moja, lango halifungwi.
Nikadhani nahodha naye anahesabu."

"Na mara ya pili?" Masika akauliza. "Na ya tatu?"

Akakaa kidogo. Tukasikia mteja wake akiomba chenji.
"Mara ya pili nilisikia vizuri kwamba hasemi.
Lakini ninyi mlishaanza kusema.
Ningewanyamazishaje?"

Masika akasema huo ni uongo.
Kabugho akasema nani kakuuliza.
Wakaendelea hivyo, chai ikapoa, mshumaa wa mbu ukaisha,
hadi Thembo, ambaye hakuwa ameketi bado,
akasema: rudisha nyuma.

Tukarudisha.
Wa Tano nje. Kamba. Kitufe.
Nahodha akavuta pumzi,
na ndani ya pumzi ile tukasema, kila mtu kivyake,
hatukupatana, Masika pia kwa sauti ya chini,
na Mbusa simuni, mtandao ukimchelewesha,
akaja wa mwisho.