Visa Viwili

Mwalimu wa darasa la nne, pale Kadutu,
alitufunza: kisa kimoja, visa viwili.
Hakusema kwamba siku moja nitavipanga
juu ya meza ya mama, kando ya sahani ya sambaza,
niambiwe: chagua.

Cha kwanza ni cha mgeni. Siku tisini.
Kinatoka upesi, asema binamu yangu Bisimwa,
ambaye hajawahi kulala ng'ambo ya Ruzizi
lakini anajua bei ya kila mhuri.
"Sema unakwenda kutembea tu.
Ukifika, mfunge ndoa.
Nani atakurudisha na pete kidoleni?"
Ila ukurasa wa tatu unauliza,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Utarudi lini?
Na chini yake, mstari wa sahihi.

Cha pili ni cha mchumba.
Hiki kinakwenda polepole, kama wajomba kwenye mahari.
Kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kutoolewa,
mhuri wa komini ya Ibanda,
na juu ya mhuri huo mhuri wa Kinshasa.
Kinataka ushahidi kwamba Murhula ananipenda:
picha, risiti za pesa alizotuma,
tarehe na dakika za simu zetu.
Niandike nini? Kwamba mwezi wa tano
umeme ulikatika siku kumi na moja
tukapendana bila chaji?

Halafu jina. Mimi ni M'Lushombo, binti wa Lushombo.
Kisanduku chao hakipokei ritifaa.
Wakiiondoa nabaki Mlushombo,
mtu wa kabila lisilokuwepo,
na baba, ambaye alikuwa ndani ya kile kidoa cha wino,
anafutika mara ya pili.

Bisimwa ananitumia ujumbe: *Chukua viza ya haraka.*
Anaiandika kwa zeti.
Kwetu viza ni yai
lililolaliwa siku zote zinazotakiwa
likakataa kuwa kifaranga.
Simjibu.

Mama haulizi mambo ya ubalozi.
Kila alfajiri anashuka hadi mpakani,
kijikaratasi chake kimekunjwa ndani ya kitenge,
ananunua nyanya Kamembe, anarudi na beseni kichwani
kabla kizuizi hakijashushwa.
Miaka kumi na tisa amevuka mpaka
na hajamdanganya askari hata mmoja kuhusu jioni.

Usiku ule kalamu ilikuwa tayari juu ya mstari.
Akauliza, akichambua sambaza:
"Hiyo inasema nini?"
"Inasema nitarudi."
"Na utarudi?"

Sambaza ni wengi kwenye kilo.
Alichambua nusu nzima
nami bado natafuta neno.

Nikampigia Murhula. Nikamwambia mwaka,
pengine mwaka na nusu.
Alinyamaza dakika nne.
Nimeziandika; labda nazo ni ushahidi.
Kisha akasema kitanda alichonacho
ni cha mtu mmoja, hata hivyo,
na seremala wa kule ni ghali,
basi atapata muda wa kuweka akiba.
Nikacheka hadi salio likaisha.

Si kwamba mimi ni mwema. Naogopa.
Naogopa kuingia nyumba ya mume
kupitia dirisha la siku tisini,
nikihesabu, hata wakati wa kupika,
nikishtuka kila mtu akibisha hodi.

Kesho nitapanga foleni ya komini,
nitamkuta yule karani mwenye kikohozi,
ataniambia nirudi Alhamisi. Nitarudi Alhamisi.
Hilo naweza kulitia sahihi.

Sababu ya safari: Kuolewa.
Jina: nikaliandika lote kwa herufi kubwa,
na pale juu, nje kidogo ya kisanduku,
nikaichomeka ritifaa kwa mkono,
ile ile wanayoibeba ng'ombe wa mahari
shingoni mwa jina lao.
Wakitaka kuifuta, waifute wenyewe.