Daftari la Lindo, Uyole

Saa mbili usiku. Chombo kipo.
Ndivyo nilivyofundishwa kuandika:
peni ya bluu, kila saa mstari,
na jina chini, Ambakisye Mwaisumo.
Kipo juu ya trela, kimefungwa minyororo
kama dume la mnadani,
pua imeelekea Kyela.
Kati yake na ziwa kuna nyaya za umeme
zilizolegea pale Igawilo, mita tano na nusu.
Chenyewe kina mita sita na robo.
Tunasubiri kibali tangu Aprili.

Saa tatu. Kipo.
Fundi Kapufi aliniambia kabla hajarudi Dar:
tangi zake zinameza lita elfu kumi na moja,
ukijaza leo husogelei tena pampu
mpaka umekata maili elfu tatu za majini.
Kuna mtambo wa kugeuza maji chumvi yawe matamu
(ya kwetu Nyasa ni matamu tangu yaumbwe),
kuna mapezi mawili tumboni ya kutuliza mrama,
mvinyo usimwagikie kitambaa cha meza.
Nikamuuliza, na ziwa lenyewe lina maili ngapi?
Alicheka hadi akakaa chini.
Litazungukwa, akasema, litazungukwa weee,
kama mbuzi na kigingi chake.

Saa tano. Kipo. Baridi ya Julai
imeingia kwenye mabuti bila hodi.
Mchana Mama Tusekile huanika viazi
kwenye kivuli cha tumbo lake,
na kuku wake mwekundu ametaga
katikati ya propela mbili za shaba.
Mayai manane.
Niliyaandika. Msimamizi akayakata kwa wino mwekundu:
*Andika chombo tu.*

Saa saba. Nimepanda. Hili siandiki.
Mabuti nimeyaacha chini ya ngazi.
Kiti cha nahodha kinapanda na kushuka
kama cha kinyozi wa Mwanjelwa,
na vitanda sita vimetandikwa, kila kimoja na mito minne,
havijawahi kulaliwa na mtu.
Nikamkumbuka baba.
Mwaka ule wa Wenela alitoka Tukuyu kwa miguu,
sanduku la bati kichwani, ndizi za kuchoma mfukoni,
akapakiwa, akapakuliwa, akapakiwa tena,
mpaka Joni, chini ya ardhi,
mahali ambapo hata mchana huulizwa kwa jirani.
Hakuwa na pezi la kutuliza mrama.
Alirudi na blanketi, gramafoni, na kikohozi
kilichoendelea na safari
baada ya yeye kusimama.
Lita zake hakuna aliyezipima.
Mama alihesabu tu miezi, kumi na minane,
na barua, mbili.

Saa tisa. Kipo.
Malori ya Tunduma yanapita, taa zao
zinaingia dirisha hili, zinatokea lile,
nami nimeshika usukani
ambao haujaunganishwa na kitu.
Nimeuzungusha kidogo kulia.
Kidogo tu. Nikaurudisha.

Alhamisi wamekuja vijana wa umeme na mianzi mirefu,
wakainua nyaya
kama mtu anavyoinua kamba ya nguo
mgeni apite asiiname.
Kimepita. Watoto wamekisindikiza mpaka darajani,
mmoja akipiga saluti, sijui alifundishwa na nani.
Mama Tusekile aliyahamishia mayai kwenye beseni.
Kuku akalikataa beseni.

Saa mbili usiku. Daftari linataka mstari wake
na mkataba wangu unaisha Jumamosi.
Chombo hakipo.
Majani yameota uwanja mzima isipokuwa pale,
pamebaki udongo mtupu, mrefu, umechongoka mbele,
na doa la oili.
Mlinzi yupo.
Kuku yupo, amerudi palepale,
ameatamia ardhi.
Msimamizi atakata.
Nimeandika.