Nguzo ya Thelathini na Moja

Tuliponunua kiwanja Nyololo tuliuliza maswali ya watu wazima:
maji yako umbali gani, barabara inapitika masika,
jirani ni mtu wa namna gani.
Hakuna aliyeuliza: hii ni nguzo ya ngapi kutoka transfoma?

Ni ya thelathini na moja. Nimezihesabu kwa miguu.
Baada ya yetu waya umekatwa, umekunjwa kama mkia wa mbuzi,
halafu ni misindano tu, mpaka ukungu unapoanzia.

Mafinga mjini tulikaa ubavuni mwa transfoma.
Umeme ulifika umeshiba,
na redio kaseti ya marehemu baba haikujua kuchoka.
Huku unafika kama mgeni aliyetoka mbali:
kila nyumba njiani imemwambia kaa kidogo,
huyu ana pasi, yule jokofu, yule anachomelea mageti,
akibisha hodi kwetu hana pumzi ya salamu.

Kanda ninayo moja. Baba anapiga ligombo,
mwaka haukuandikwa.
Saa mbili asubuhi msumeno wa Mgimwa unauma gogo
na baba anazama. Sauti inashuka,
inakuwa ya mtu mkubwa kuliko alivyokuwa,
nyuzi zinavutika kama tope la Februari.
Msumeno ukitokea upande wa pili
baba anaruka juu, kijana, ana haraka zake.
Gogo jingine.
Nimemwona akizeeka na kurudi ujana
mara arobaini kabla ya chai.

Fundi Kihwele alikuja na kipima volti.
"Mia moja sabini na nane," akasema,
kwa ule upole wa daktari anayekutafutia kiti.
Akaniuzia stabilaiza. Usiku kucha inabofya, ta, ta-ta,
kuku anadonoa bati.
Na ule mvumo mzito chini ya muziki?
Hiyo ni ardhi, akasema. Udongo umekauka,
nondo haishiki. Mwagia maji ya chumvi.

Basi Julai nzima, kila jioni, natoka na kopo
kumwagilia chuma.
Mke wa Mgimwa alipita na mzigo wa kuni,
akauliza nimepanda nini pale.
Nikamjibu, bado hakijaota.

Halafu ukaja usiku wa sakitu,
ile inayobabua majani ya viazi yakaamka meusi.
Saa tisa. Msumeno umelala, mashine ya kusaga imelala,
pasi zote za Nyololo zimepoa.
Mia mbili ishirini na sita.
Umeme ulikuwa na njia nzima peke yake.
Nikaweka kanda, sauti ndogo, nisimwamshe Lwitiko.

Kulikuwa na kuku.
Miaka yote hii sikujua kama kulikuwa na kuku.
Kulikuwa na mlango unaolia bawaba,
na kikohozi cha baba kabla ya ubeti wa pili,
na nyuma kabisa, mbali na maikrofoni,
mwanamke anauliza kwa Kihehe
nani ameimaliza chumvi.

Mama hana kanda.
Hakuna aliyewahi kufikiri kumrekodi.
Mjini, transfoma ikiguna mchana na usiku dirishani,
alikuwa anauliza hivyo hivyo, nami simsikii.

Nikarudisha nyuma. Nani ameimaliza chumvi.
Nikarudisha tena. Kuna neno baada ya hapo,
huenda ni jina, huenda ni langu,
lakini alfajiri mtu akawasha mashine ya kusaga
na mama akazama katikati yake.

Lwitiko anasema tupange chumba karibu na transfoma,
vyombo vyako vitapona.
Namwambia tutaona.
Nimetegesha saa iniamshe saa tisa.
Kopo liko mlangoni, na leo chumvi nimeongeza.