Mizinga Miwili Iliyopishana

Barua ilikuja bila picha.
Karatasi moja, muhuri wa zambarau,
imeletwa kwa baiskeli hadi kibarazani kwangu,
Nachingwea, nyuma ya ghala la ufuta:
"Fundi Somoe Likwata. Beji mia na ishirini.
Ngao, nusu nyekundu, nusu buluu iliyokolea.
Katikati, mizinga miwili iliyopishana.
Juu yake, moto.
Chini, utepe wenye maneno: TUNASIKIKA MBALI.
Malipo baada ya kazi."

Mimi mtoto wa Liwale.
Baba alipanda mininga usiku kwa kamba,
kienge kinafuka mkononi,
nasi chini tumebana pumzi, tusiwaudhi wenyewe.
Mzinga kwangu ni gogo lililotobolewa,
mlango wake mdogo kama kitundu cha kifungo.
Ningemuuliza nani, mzinga upi?

Nikatarizi.
Uzi wa kahawia kwa gogo, wa manjano kwa asali inayovuja,
na ule moto wa juu, si ndio wa mrina asali?
Hata utepe ulinikubalia:
nyuki nao husikika mbali.
Kila beji nikaiongezea nyuki watatu, wa bure.
Jeshi halikuwataja,
lakini mzinga usio na nyuki ni kuni.

Siku ya tano akaja mtunza stoo mwenyewe,
Sajinitaji Chilumba, sikio la kushoto limekufa,
anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya Ruvuma.
Akaishika beji. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
Akaisoma barua yake kwa kidole, neno kwa neno,
akitafuta alipokosea
asipaone.

"Mama, mzinga wa kupiga."
"Na huu haupigi? Uguse uone."

Hakucheka. Akachukua chaki yangu ya kukatia,
akachora juu ya meza: bomba refu, magurudumu mawili.
Akanieleza taratibu, kama anayemtambulisha mkwe.
Nyekundu ni mdomo wa bomba likishatema.
Buluu ni koti la kale, la waliovaa kabla yetu.
Imepishana kwa sababu mmoja hulinda ubavu wa mwenzake.
Moto huo hauzimwi, hata kwenye uzi.
"Na askari," akasema, "huzikwa nayo."

Basi nikafumua.
Wembe, taa ya chemli, macho yanachonyota.
Nilifumua nyuki mia tatu na hamsini na saba.

Hesabu inapungua watatu, najua.
Wako kwake.
Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni,
akalipapasa lile sikio:
"Tangu vita ile, humu kuna mlio.
Usiku, mchana. Daktari wa Ndanda kasema hautoki.
Miaka yote sikujua niuite nini."
Akaichukua beji moja mbovu, akaitia mfukoni,
hakuaga.

Siku ya gwaride nilisimama na wauza karanga.
Wakapita, mabega yamenyooka,
mizinga myeusi, midomo juu, safi.
Lakini mimi naijua kazi yangu.
Jua likipiga ubavuni unaona vitundu vya sindano,
vidogo, vitatu vitatu,
kuizunguka chuma.

Hela bado. Vijana wa stendi, kumwomba mtu fedha
wanaita kumpiga mzinga;
nami kikosi cha mizinga nimekipiga miwili,
wa tatu naupakia.

Halafu ikaja amri ya dua: kofia, vua!
Zikavuliwa kwa mkupuo, zikabanwa kifuani.
Yake ilichelewa kidogo.
Akaigeuza, ndani kwa nje,
na kabla hajaifunika kwa kiganja
nikaona kahawia,
na tone moja la manjano.