Inatetemeka Inapoondoka

Shushanik alikuja Jumanne, theluji ya Gyumri bado buluu,
akasema: inatetemeka inapoondoka.
Ikishaondoka, haina neno.
Nikamwambia hata mimi niko hivyo.
Hakucheka.

Zhiguli ya themanini na mbili, rangi ya mtindi,
mali ya marehemu Vagharshak, fundi saa,
aliyetia oili kwa ncha ya sindano
na kuipangusa sindano kabla ya kuirudisha.

Nikakalia kiti chake, magoti yakagonga usukani
(alikuwa mfupi; kiti hakijasogezwa).
Gia ya kwanza. Mguu nikauinua taratibu
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala,
na hapo, klachi ilipoanza kushika,
gu-gu-gu-gu,
dashibodi, kioo, msalaba mdogo wa shaba,
meno yangu mwenyewe.
Rivasi: yaleyale, kwa hasira zaidi.
Gia ya tatu, kilima cha ngome: kimya.
Basi si shafti ya nyuma.
Shafti haichagui saa ya kulalamika.

Nilimweka Zhirayr kwenye pedali, handibreki juu,
nikainamia injini na tochi.
Achia kidogo. Kidogo, nimesema!
Injini ikajiinua, ikajilaza.
Raba zake mbili nzima.
Ya giaboksi ina ufa, lakini ufa mwembamba,
shahidi tu, si mkosaji,
ingawa wapo mafundi mjini humu wangembadilisha shahidi,
wakalipwa, wakalala usingizi.

Chini ya kengele ya klachi nikapitisha kidole,
nikitafuta machozi ya sili ya krenki.
Kikavu.
Nikauliza: nani aliifungua mara ya mwisho?
Shushanik akatazama jiko la makaa.
Yeye, akasema. Vuli. Hakutaka msaada.

Giaboksi ya Zhiguli si nzito, lakini kifua changu si cha jana.
Tuliishusha saa nane mchana, Zhirayr akiguna, mimi nikitukana.
Nikachomoa nati sita za presha pleti, moja moja, kwa mshazari,
sahani ikaanguka mkononi:
upande mmoja unang'aa kama sinia,
upande wa pili umelowa, mweusi, unanata.
Si oili. Oili hutiririka.
Hii ilikuwa grisi,
imerushwa toka katikati ikachora miale,
kwenye meno ya shafti imejaa
kama siagi ya mtu asiyelipia siagi.
Mahali pa kupaka punje ya mtama
alipaka konzi.

Na kwenye shingo ya bearingi, isiyozunguka,
dole gumba lake.
Si alama moja. Tatu, nne, zimepandana,
kila moja imeteleza pembeni ya iliyotangulia,
kama mtu anayejaribu kubonyeza kengele ya mlango
na mlango hautulii.

Zhirayr akataka kupangusa.
Nikamwambia akalete chai.

Nilisugua flaiwili kwa msasa hadi madoa ya moto yakafifia.
Sahani haikufaa tena; kitambaa kikishakunywa grisi
petroli haikisafishi, hukidanganya tu.
Nikafunga mpya.
Ile shingo nikaipangusa mwisho, peke yangu.

Jioni nikamwambia Shushanik: sahani imechakaa. Umri.
Akaiomba ile ya zamani. Akainusa.
Alikuwa akipima kwa ncha ya sindano, akasema,
na sindano zenyewe aliziuza Agosti.
Akaifunga kwa gazeti, akaiweka kiti cha abiria.

Akawasha. Gia ya kwanza.
Gari likaondoka laini kabisa,
kama halijawahi kumjua mtu.
Nilisimama mlangoni nikilisikiliza
hadi kona ya duka la mikate,
ambako taa za breki ziliwaka
na kukaa zimewaka
muda mrefu kuliko kona ile inavyohitaji.