Fomu ya Usaili, Montevideo

Maombi arobaini na moja, nafasi moja.
Niliyapanga mezani kama karata. Ilikuwa Julai,
baridi ya mtoni ikipenya chini ya mlango,
na Elbio Perdomo, miaka thelathini ndani ya mashimo ya lifti,
alifyonza chai yake chungu kwa mrija wa chuma,
akayasukuma kando kwa kiwiko.
"Karatasi," alisema, "haijawahi kupaka grisi."

Mimi ndiye afisa wa ajira, yaani ndiye ninayepokea simu
na kuandika, kwa heshima zote, Tunasikitika.
Nina fomu yenye visanduku kumi na viwili:
elimu, uzoefu, nidhamu, leseni ya udereva,
unadhifu (sijui nani aliuweka),
na jumla chini, imepigiwa mistari miwili.

Fomu hiyo mimi sikuijaza.
Niliingia hapa kwa sababu mhasibu ni binamu ya mama.
Nalisema mara moja, tuendelee.

Wakabaki watano.
Tukawapeleka kwenye jengo la zamani karibu na bandari,
lifti ya mbao na kioo, mlango wa kukunja unaolia kama paka.
Elbio akajifungia ndani,
akaisimamisha kati ya ghorofa ya tatu na ya nne,
akazima taa, kimya.
Agizo lilikuwa fupi: kuna mtu amekwama. Anza.

Wa kwanza alizivamia ngazi hadi chumba cha mashine,
akiruka vidato viwiliviwili.
Wa pili akaomba mchoro wa nyaya.
Yamandú, mwenye vyeti vitatu na viatu vipya,
alikata umeme, akatia kufuli, akatundika kibao cha hatari,
kila kitu kama kitabu kinavyotaka,
akamtoa Elbio kwa dakika tisa na sekunde kumi.
Wa nne nimemsahau. Mungu anisamehe.

Zulma Cabral, mpiga deki wa zamu ya usiku hospitalini,
alipanda taratibu, akapiga magoti kwenye saruji,
akagonga kwa kifundo cha kidole.
Akabisha hodi,
kama vile mle gizani ni sebule ya mtu.
Akauliza jina. Akauliza kama miguu inauma.
Akasema, "Sasa utasikia kelele juu. Ni mimi."
Ndipo akaenda.
Dakika ishirini na sita. Alipotea njia mara moja.

Elbio alitoka na uso wa mtu aliyeamshwa.
"Niliwahi kukwama kweli," aliniambia ngazini,
"saa sita nzima. Waliokuja kunitoa
walizungumza na mota."

Nikatafuta kisanduku cha hodi.
Kati ya nidhamu na leseni hakipo,
nyuma ya karatasi hakipo.
Yamandú, tisini na moja. Zulma, hamsini na nane.
Kwenye mstari wa Sababu nikaandika: Alibisha hodi.
Mkurugenzi alidhani nimekosea kuandika, akatia saini.

Sisemi tulichagua vizuri.
Miezi mitatu ya majaribio ikawa sita.
Aliunguza fyuzi za jengo zima la madaktari wa meno.
Elbio alimfunga kitambaa machoni, akamfundisha masikio:
hii puli ina kiu, hii kamba inadanganya,
huo mlio, ukiusikia, shuka, usijifanye shujaa.
Jioni alimfokea. Asubuhi alimletea mkate mtamu
umefungwa kwenye gazeti la jana.
Bado anachelewa. Bado anauliza majina.

Na Yamandú nilimwandikia Tunasikitika.
Alijibu kwa adabu, kwa mkono, mwandiko ulionyooka:
angependa kujua alikosea wapi,
ili ajirekebishe.

Barua iko kwenye droo, chini ya stempu.
Kila Ijumaa naitoa, nachonga penseli,
naandika jina lake na alama ya mkato.
Hukukosea popote, nataka kumwambia.
Halafu simu inalia.