Jibu kwa Shinuna, Aliyeuliza Anunue Nini

Umeniuliza ununue nini kabla kozi haijafunguliwa.
Nunua daftari la miraba, si la mistari:
namba zangu za mwanzo zilikuwa zikiteleza
kama watoto waliopangwa safu bila mwalimu.
Penseli mbili. Rula ya plastiki; ile ya chuma
hapa Ibra mwezi wa Juni huunguza vidole
ukiisahau dirishani.
Kifutio usinunue.
Kosa likate kwa mstari mmoja, uliache palepale,
kesho utataka kujua ulipotelea njia panda ipi.

Kikokotoo nitakuazima, cha marehemu Saleh.
Kitufe cha saba kinataka kubembelezwa.

Mtandao: kaa karibu na mlango wa sebule,
uwaambie vijana wa nyumba, saa tatu hadi saa tano usiku
mpira wao usubiri.
Hawatasubiri.
Basi pakua masomo alfajiri, watu wamelala.

Hivyo ndivyo vinavyouzwa.

Hakuna mwalimu wa kukugongea meza.
Kuna kijana aliyerekodiwa siku nyingi,
ukimsimamisha husimama mdomo wazi,
ukimrudisha nyuma hanuni.
Nilimrudisha mara kumi na moja kwenye sehemu,
mimi niliyesoma Bujumbura hadi darasa la sita,
nikahesabu kwa Kifaransa, nikapika kwa Kiswahili,
nikaja kuolewa kwa Kiarabu.

Herufi ile mwanangu huiita sini, kozi huiita eksi.
Mimi naiita Fulani.
Fulani mara mbili, ongeza tatu, ni kumi na moja.
Fulani huyo ni nani?
Watoe kwanza wale watatu waliomtembelea,
waliobaki wagawe nusu kwa nusu:
ni nne. Alikuwa nne tangu asubuhi,
kajitanda ushungi tu.

Lakini sehemu hazikuniingia kwa kijana yule.
Ziliniingia kwa kofia.
Kichwa cha sentimita hamsini na sita, maua kumi na manne,
nne kwa kila ua, sindano inajua njia.
Akaja Nasor na kichwa chake cha hamsini na saba.
Ile moja iliyozidi niliikodolea macho hadi adhuhuri.
Ukiibandika kwenye ua moja, kofia itakenua,
na Nasor ana ndugu wenye ndimi.
Igawe kwa kumi na nne.
Kila ua lipate chake, chembe isiyoonekana.
Nikaweka sindano mdomoni, nikaenda kuandika
moja juu, kumi na nne chini,
na katikati ule mstari niliokuwa nikiuogopa.

Hasi mara hasi kuwa chanya sijakubali mpaka leo.
Naitumia tu, kama dawa ya presha.

Siku ya mtihani utaionyesha kamera meza tupu,
viganja, kuta nne, chini ya kiti.
Mimi, swali la tisa, mama mkwe aliingia na sahani ya halua
akauliza nasema na nani usiku huu.
Sikuwa nasema. Nilikuwa nikimnong'oneza Fulani.
Wakafuta mtihani wote.
Nililia bafuni, bomba wazi,
halua nikaila, maana kosa halikuwa lake,
nikarudia wiki ya pili. Sitini na moja kwa mia.

Kwa hiyo andika kwenye orodha yako kufuli la mlango.
Andika pia: kusoma swali mara mbili kabla ya kulichukia.
Na mtu mmoja wa kumpigia simu bila haya
ukimwambia, hapa sielewi, wala usinihurumie.
Namba yangu unayo.

Njoo Jumatano soko la wanawake, nitakaa upande wa mabegi.
Nitakupa bikari yangu. Ncha imepinda kidogo:
duara likizunguka halirudi pale lilipoanzia,
hupita kando, unywele mmoja hivi.
Mwaka mzima nimechora nayo hivyohivyo.